Damu Isiyopenda Barafu

Ninyi mnaobeba masanduku ya damu siku hizi, kaeni chini mnisikilize. Nasema kaeni, maana nimewaona mnavyosoma: mmesimama, simu mkono huu, chai mkono ule. Haya si ya kusomwa hivyo. Mimi nimestaafu mwezi uliopita, mgongo umesema basi, na wakubwa wa maabara wakanifanyia sherehe yenye keki tamu kupita kiasi na hotuba ndefu kupita keki. Hotuba zilisema nimefanya kazi kwa bidii. Hazikusema kazi yenyewe ilikuwa nini. Kwa hiyo naandika mwenyewe.

Shule niliishia darasa la nne. Ukikuta sentensi imeenda upande, inyooshe kichwani mwako uendelee. Mshahara sitauandika, haukuwa mrefu wa kujaza mstari. Nitaandika kuhusu damu iliyo hai, maana hadi leo nikiifikiria moyo unanienda mbio kama msichana aliyeitwa jina lake kanisani.

Kabla ya damu nilikuwa mama wa samaki. Ufuo wetu uko chini ya Kisian, ukiiacha barabara ya Busia na kushuka mpaka unasikia matope yakikuingia katikati ya vidole. Asubuhi nanunua ngege na mbuta kutoka kwenye mashua, napanga ndani ya sanduku: barafu chini, samaki katikati, barafu juu, kitambaa kibichi cha kufunika. Halafu nazunguka nyumba kwa nyumba. Nilijua mlango wa kila mtu na mbwa wa kila mtu, nilijua nani anakula kichwa na nani anakitupa.

Ndipo watu wa maabara wakaja kwa chifu wakitafuta mtu anayezijua nyumba za kando ya ziwa. Walikuwa wanachunguza jambo moja. Kuna watu wenye virusi vya UKIMWI wanaomeza dawa zao vizuri kabisa, ukipima damu yao virusi havionekani, vimelala. Lakini miili yao bado imechoka, na kinga ya mwili inazeeka kabla ya mwenyewe kuzeeka. Kwa nini? Walitaka damu ya watu kama hao, tena na tena. Muuguzi angeitoa, mimi ningemwonyesha njia na kuibeba. Chifu akanitaja. Nikaenda na viatu vya kanisani.

Siku ya kwanza niliogopa hata kukaa kwenye kiti. Kila kitu kilikuwa cheupe na kila kitu kilinguruma. Aliyenipokea ni fundi wa maabara, Bwana Ochieng', mtu mwembamba ambaye miwani yake ilishikwa na uzi upande mmoja. Huyo ndiye mwalimu wangu, na kama mna mwalimu kama yeye, mpikieni. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza samaki akiletwa sokoni nitajuaje kama amelala, si wa leo. Nikamwambia naangalia jicho na mashavu. Akasema vizuri, basi sasa nitakuonyesha jicho la damu.

Akaweka mezani chupa mbili ndogo nyembamba kama kidole. Moja ina kifuniko cha zambarau, nyingine cha kijani. Damu ni ile ile, ya mtu mmoja.

"Mama, hii ya zambarau ni samaki," akasema. "Iweke kwenye barafu mara moja, isiharibike. Hii ya kijani ni kifaranga. Iko hai. Ukiiweka kwenye barafu umeiua, ukiiacha juani umeiua, ukiitikisa sana umeiua, na ukilala nayo mpaka kesho umeiua."

Basi kazi yangu yote ni hiyo. Samaki na kifaranga, masanduku mawili, moja lina barafu na moja halina. Mengine yote mliyofundishwa kwenye semina ni mapambo.

Lakini mimi ni mtu wa kuuliza. Nikamuuliza kwa nini damu ile ile iwe na tabia mbili. Akaniuliza nina mtoto anayefanya kazi gani. Nikasema Otieno wangu anachomelea vyuma huko Kibuye, madirisha na mageti. Akauliza shati lake likoje. Nikacheka, maana shati la Otieno lina matundu kama chujio la chai. Cheche zinaruka, zinamwangukia.

Akasema hivyo ndivyo ilivyo ndani ya damu. Kuna seli nyeupe, askari wa mwili. Askari akimkamata mdudu wa ugonjwa anamchoma kwa cheche, na cheche hizo anazitengeneza kwa hewa hii hii tunayovuta, oksijeni. Kazi ikiisha, mwili una maji yake ya kuzimia cheche zilizobaki. Lakini kwa mwenye virusi, hata vikilala, askari hawalali. Wanachomelea mchana kutwa na geti lenyewe halipo. Cheche zinaangukia nyumba yao wenyewe, zinatoboa seli, na maji ya kuzimia yanapungua. Wasomi wana jina lake, mkazo wa oksidesheni, jina la kumfanya mtu alale. Mimi nikaliita cheche, na baada ya muda hata madaktari nikawasikia kwenye korido wakisema cheche.

Kwa hiyo chupa ya zambarau ilikuwa ya kupima majivu, yaani alama ambazo cheche zimeacha kwenye maji ya damu. Majivu hayaogopi barafu. Ya kijani ilikuwa ya askari wenyewe, na askari lazima afike akipumua.

Siku hiyo hiyo akaniinamisha kwenye hadubini, ile mashine ya kukuza vidogo. Alikuwa amedondosha tone la rangi ya bluu kwenye seli. Akasema seli iliyo hai inaikataa rangi, inabaki inang'aa. Iliyokufa haina nguvu ya kukataa kitu, rangi inaingia, inakuwa bluu. Nikatazama. Jamani, nikawaona. Vidoti vya duara, vinang'aa kama magamba ya omena juani, na hapa na pale kimoja cha bluu. Hao waling'aa kwa sababu mtu aliwabeba vizuri kutoka ufuo wa Usoma hadi hapo. Nikauliza kesho naanza saa ngapi.

Basi nikaanza. Nitawaambia mambo machache ya njiani, maana hayo hayamo kwenye vitabu vyenu.

Sanduku lisilo na barafu si sanduku la kuachwa hivi hivi. Jua la Kisumu linaingia kwenye plastiki. Mimi nililizungushia leso mbili na kipimajoto nikakiweka pale ninapoweza kukichungulia bila kufungua. Usilifunge nyuma ya pikipiki, barabara ya mawe inatikisa. Lipakate kama mtoto. Dereva akikucheka, mwache acheke, yeye halipwi kwa kifaranga.

Mara moja tulitoka Muhoroni na trela la miwa likapinduka mbele yetu. Barabara yote ikawa miwa. Watu wakashuka kwenye magari wakaanza kutafuna kwa furaha, na mimi nina damu ya watu kwenye magoti, kila dakika inazeeka. Nikashuka, nikajitwika sanduku kichwani, nikapita juu ya miwa ile inayoteleza mpaka upande wa pili, nikasimamisha gari la padri. Padri akauliza nimebeba nini. Nikamwambia askari. Hakuuliza tena. Mara nyingine Ahero mto ulikuwa umetoka, mashamba ya mpunga yamekuwa ziwa la pili, nikavuka na maji ya kiuno na sanduku kichwani. Bwana Ochieng' alipoangalia kwenye hadubini aliniita niwaone. Wote wanang'aa. Mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi, wao wako salama. Nilifurahi hata nikasahau kubadilisha nguo.

Sasa, jambo la masanduku. Mwanzo maabara ilitupa masanduku ya bluu yenye alama. Baada ya muda mfupi kila mtu ufuoni alijua: sanduku la bluu likiingia kwako, una virusi. Mama mmoja alinifungia mlango. Akaniambia kupitia dirishani, kwa upole kabisa, kwamba damu yake nitapata lakini sanduku langu lisikanyage uani kwake, kwa sababu jirani ameanza kuwakataza watoto wake wasichezee hapo. Tulikaa kikao maabara. Tukakubaliana tutumie masanduku meupe ya samaki, ya kawaida kabisa, na juu ya chupa tuweke kitambaa kibichi kama tunavyofunika ngege. Mama wa samaki akiingia nyumba ya mtu, nani atauliza? Ilikuwa busara nzuri. Ilifanya kazi vizuri sana, mpaka ikafanya kazi kupita kiasi. Nitafika hapo.

Hapa namleta Akinyi. Akinyi ni mke wa Otieno wangu. Amesoma karatasi hizi kabla yenu, na ni yeye aliyesema jina lake libaki.

Akinyi alikuja kwangu jikoni asubuhi moja, nikiwa napara samaki, akasema ana virusi, anameza dawa tangu kabla ya kuolewa, Otieno anajua na yeye hana, na kule kliniki wamemwandika kwenye uchunguzi wetu. Sheria ya maabara ilisema nisibebe damu ya watu wa nyumba yangu. Yeye akawaambia isipobebwa na mama mkwe hatatoa. Wakakubali. Nilimaliza kupara yule samaki, kisha nikamwambia aniletee chumvi. Alijua maana yake. Mimi si mtu wa kukumbatia.

Miezi ikaenda. Vipimo vyake vya kliniki vilikuwa vizuri, virusi vimelala. Binti yao alizaliwa bila virusi, kwa sababu ya vidonge hivyo hivyo. Lakini Akinyi alikuwa anachoka. Anafua nguo nusu beseni anakaa chini. Mifupa inauma kama ya kwangu, na mimi ni bibi. Kule kliniki walimpima hiki na kile, hawakuona kitu. Kila mara anatoa damu, kila mara ananiuliza maabara wamesema nini, na kila mara nasema bado wanatafuta.

Halafu akatokea mwuza juisi. Alikuwa na gari lenye spika pale mjini karibu na stendi, na chupa zenye picha ya majani na moyo. Anasema juisi yake inazima moto ndani ya seli, inasafisha damu yote, mwenye dawa za hospitali aziache mwili upumzike. Mjue, alikuwa na maneno mazuri. Otieno, mwanangu, mwenye matundu ya cheche kwenye shati, akasikia habari ya moto unaozimwa akaona ni yale yale ninayoyasema nyumbani. Akanunua kwa kumpenda mkewe. Akaipanga juu ya kabati.

Siku ya kutoa damu ilipofika tena, muuguzi akaja jikoni kwangu, akatoa, akajaza kijani na zambarau, akaenda nyumba nyingine. Akinyi akabaki ameshika pamba kwenye mkono.

"Mama, hii ni ya mwisho," akasema. "Wakiwa hawana la kuniambia safari hii, nakunywa juisi ya Otieno na vidonge naviacha. Nimechoka kuambiwa niko sawa."

 Mtu akiacha vidonge, vile vilivyolala vinaamka, nimeingia nyumba nyingi nimeona. Mama wa mtoto mdogo anakuwa ngozi na macho. Nikafunika masanduku, nikatoka.

Pikipiki ilipasuka gurudumu pale pale ufuoni. Kwenye pikipiki tulikuwa dereva na mimi, basi nikalazimika kumshikia gurudumu akitafuta tundu kwenye beseni la maji. Masanduku nikayaweka kivulini kwenye meza ya Konsolata, rafiki yangu wa tangu siku za samaki. Kuziba gurudumu si kazi ya haraka, hasa kwa yule dereva, ambaye kila kipande anachobandika lazima akisifu kwanza.

Sasa lazima mjue desturi yetu ya ufuoni. Mama wa samaki hafunui kitambaa cha mwenzake. Anayefunua anatafuta ugomvi, watu watasema anahesabu samaki wa wengine. Lakini pia mama wa samaki haachi samaki wa mwenzake waharibike akiwa ana barafu. Hilo ni sawa na kumwacha mtoto wa jirani anyeshewe. Konsolata alishika masanduku yangu kuyasogeza kivulini zaidi, akasikia moja lina barafu inagonga na jingine kimya. Akafungua kifuniko, akaona kitambaa, hakukifunua, mwanamke mwenye heshima. Akamwaga barafu yake mwenyewe juu, aliyokuwa amenunua kwa ajili ya mbuta zake, akaishindilia kwa viganja mpaka ikashuka pembeni kote. Akafunga.

Nilipokuja kuyachukua, lile la kifaranga lilikuwa zito kama jiwe la kusagia.

"Min Otieno, uzee umekuingia," akaniambia, yaani mama Otieno kwa Kiluo chetu, huku akijipangusa mikono. "Unatembea na ngege bila barafu juani? Nimekuokoa."

Nifanye nini? Nikisema ile si samaki, ufuo mzima utataka kujua ni nini, na ni ya nani, na nimetoka nayo nyumba gani. Nikatazama mbuta zake zimelala kavu mezani, bila barafu, kwa ajili yangu. Nikasema asante. Nikasema asante, dada yangu, na ndani yangu nalia.

Njiani nikaitoa barafu yote kwa mikono, nikazishika zile chupa za kijani. Baridi kama vyura. Nilimfokea dereva aende mbio, halafu nikamfokea asiende mbio. Tulipofika Bwana Ochieng' alizizungusha kwenye mashine yake. Damu nzuri ikizungushwa, maji yanayobaki juu ni ya manjano, kama chai ya mgonjwa. Hii ilitoka nyekundu. Seli zilikuwa zimepasuka. Tukainama kwenye hadubini na rangi yake, na kila nilipotazama, bluu. Bluu, bluu, bluu. Hakunilaumu. Alisema zambarau itatumika, kijani hapana, tumwombe Mama huyu atoe tena. Nikamwambia huyu hatatoa tena, huyu ni Akinyi, na nikamweleza habari ya juisi.

Bwana Ochieng' akavua miwani. Akaenda kuongea na daktari mkuu wa uchunguzi. Akarudi akasema: mlete hapa. Atolewe damu hapa, aione kabla haijasafiri hata hatua.

Nyumbani Akinyi alikuwa anaanua nguo. Aliponiona tu akauliza wamesema nini. Nikamwambia damu yako imekufa. Mimi sijui kuzungusha maneno. Uso wake ukaanguka, akasema kwa hiyo hata damu yangu imechoka. Nikamwambia haijachoka kitu, Konsolata ameiua kwa barafu akidhani ni ngege. Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye nguo safi, nikalazimika kumwambia aondoke juu ya mashuka yangu. Lakini nilipomwambia twende maabara kesho aione mwenyewe, kicheko kikaisha. Akasema anaogopa. Itakuwaje atazame aone wote ni bluu, na safari hii hakuna Konsolata wa kulaumiwa?

Nikamwambia avae viatu vizuri.

Mimi nimeona mengi kule maabara. Nimeona mashine inayohesabu seli kwa mwanga kama zinapita getini moja moja. Lakini kitu ambacho sitakisahau ni mgongo wa Akinyi siku hiyo, ameinama kwenye hadubini na koti jeupe la kuazima lililompita vidole, na mgongo umekakamaa kama ubao. Bwana Ochieng' alisogeza kile kigurudumu cha pembeni polepole mpaka picha ikatulia. Nikauona mgongo ukilegea.

"Wanang'aa," Akinyi akasema.

"Hao ni wako," Bwana Ochieng' akamwambia. "Wanang'aa kwa sababu wameikataa rangi. Wako hai."

"Wote?"

"Karibu wote. Yule wa bluu pembeni huyo ndiye amekwenda. Hata mimi ninao wa hivyo."

Hakutaka kutoka. Alitazama mpaka mafundi wengine wakasogea nao wakitabasamu, na mimi nikawa kama mtu ambaye mtoto wake amekuwa wa kwanza darasani. Nilitaka kumwambia kila mtu mle ndani kwamba nimembeba huyu tangu nyumbani, ingawa siku hiyo sikuwa nimebeba kitu.

Halafu akauliza lile swali lake. Mbona nachoka? Bwana Ochieng' hakumdanganya, na ndiyo maana nawaambia mumpikie mtu kama huyo. Alisema bado hatujui yote, ndiyo maana tunakusumbua kwa sindano. Tunaona askari wako hawatulii, wanarusha cheche hata adui akiwa amelala, na tunadhani hapo ndipo uchovu unatoka kwa wengi kama wewe. Kuzizima vizuri bila kuwanyang'anya askari silaha bado hatujajua. Lakini kimoja kinajulikana kabisa: kinachoviweka virusi usingizini ni kidonge. Kidonge kikikosekana, virusi vinaamka, na cheche zinakuwa moto wa nyumba. Na juisi? Akasema juisi ni juisi, anywe akiwa na kiu.

Akinyi hakuondoa jicho kwenye hadubini.

"Hawa askari," akauliza, "wanajua siku nilizoruka?"

 Bwana Ochieng' akamwambia ndiyo, Mama, wanajua.

Tukiwa njiani kurudi akanieleza. Tangu shangazi wa Otieno alipokuja kututembelea, ambaye kutembelea kulikwisha zamani lakini kuondoka hakujaanza, Akinyi amekuwa akiruka siku za vidonge. Vidonge vinakaa ndani ya chupa na chupa inalia, kocho kocho, ukiigusa tu nyumba nzima imesikia. Basi ameijaza pamba isilie, ameifunga kitambaa na kuizika ndani ya pipa la unga. Jioni akitaka kumeza, shangazi yuko jikoni. Akingoja aondoke, mtoto analia, Otieno anaita chakula, na siku imepita. Nilikasirika, wala si kwa Akinyi. Nilikasirikia ile pamba. Mimi nimevuka mafuriko ya Ahero ili askari wa watu wafike hai, na nyumbani kwangu mwenyewe wanafia ndani ya unga.

Nikamwuliza anataka nifanye nini. Akafikiri mpaka tulipofika kwenye kona ya kwetu. Akasema habari ya virusi ataisema mwenyewe, kwa mdomo wake. "Lakini meza ni yako, Mama. Mambo ya meza sema wewe."

Jioni hiyo nilitoa amri wote wale chumba kimoja. Kwetu wanaume hula sebuleni na wanawake jikoni, na mume wangu, Mzee, aliuliza kama kuna msiba. Nikamwambia akae. Otieno akaja na shati lake la matundu. Shangazi akachukua kiti kizuri.

Akinyi akasimama akasema. Hakulia. Alisema ana virusi, vimelala, anakusudia viendelee kulala, vidonge amekuwa akivificha kwenye unga, na leo ameona seli zake kwa macho yake, zinang'aa. Otieno alitazama juu ya kabati, akainuka, akazishusha zile chupa za juisi akaziweka chini karibu na mlango bila kuambiwa. Mzee akasema sasa ameelewa kwa nini Akinyi hakubali mtu mwingine achote unga wa ugali.  Shangazi akauliza kama ndiyo sababu pipa la unga lina kitambaa, maana alidhani ni uchawi na alikuwa ameanza kuliombea.

Nikamwambia Akinyi alete hiyo chupa. Akaileta ina unga mpaka kwenye kifuniko. Nikaipangusa kwa leso yangu, ile ile ninayofungia sanduku, nikaiweka katikati ya meza karibu na redio. Kisha nikawaambia watu wa nyumba yangu hivi, na ndivyo ilivyo hadi leo:

"Chupa hii inakaa hapa, mgeni awepo asiwepo. Taarifa ya habari ya jioni ikianza redioni, kila mtu wa nyumba hii ashike kikombe cha maji, wewe Mzee ukiwa wa kwanza. Mwenye kidonge ameze, asiye na kidonge anywe maji. Na hiyo pamba toeni. Nataka niisikie ikilia."